Pep Alilaumiwa Akabaki, Gamondi Akaondoka

Kuna swali linaloua mjadala wa soka katika kundi la WhatsApp la familia yoyote ya Kitanzania: "Wewe una makombe mangapi?" Juzi lilimwangukia Mtanzania mmoja anayeishi Manchester. Alikuwa amehoji tu kwa nini kocha mwenye mataji yake alimweka benchi kiungo aliye kwenye kiwango. Kuhusu kiungo hakujibiwa. Shemeji yake wa Temeke, Mwananchi, yaani shabiki wa Yanga, wa kufa na kuzikana, alimrushia swali la makombe, wengine wakacheka, na mada ikahamia kwenye michango ya harusi.

Alikereka, maana anakoishi mambo hayaendi hivyo. Manchester City ilibeba ubingwa wa ligi mara sita kati ya 2018 na 2024 chini ya Pep Guardiola, lakini ingia baa yoyote ya upande wa mashariki wa jiji siku ya mechi utaje Porto, uone. Huko ndiko City ilikocheza fainali ya Ligi ya Mabingwa dhidi ya Chelsea, tarehe 29 Mei 2021. Pep alianza bila Rodri na bila Fernandinho, yaani bila kiungo mkabaji hata mmoja wa asili. Kai Havertz akafunga kabla ya mapumziko, ikaisha 1-0. Miaka imepita, na bado utamkuta mzee mwenye skafu ya bluu iliyochakaa akipanga visahani vya glasi mezani kuonyesha mahali pale pengo lilipokuwa. Wazee hao waliiona City ikicheza daraja la tatu msimu wa 1998/99. Mtu angedhani wangemsujudia Pep. Wapi! Ndio wakali kuliko vijana.

Jambo la kufurahisha ni kwamba City ilipolipata kombe hilo hatimaye, Istanbul mwaka 2023, bao pekee dhidi ya Inter lilifungwa na Rodri. Mzee wa visahani halioni bao hilo kama msamaha wa Porto. Analiona kama ushahidi. Na akimaliza hapo anaingia kwa Cole Palmer, kijana aliyeuzwa Chelsea Septemba 2023 na kufunga mabao 22 ya ligi katika msimu wake wa kwanza huko. City walichukua ubingwa msimu huohuo, lakini usijaribu kulitumia hilo kumnyamazisha. Atapiga simu redioni, kwenye kipindi cha 606 cha BBC, aendelee kulalamika hewani.

Mwulize sasa kama Pep alistahili kufukuzwa. Atakutazama kama umechanganyikiwa.

Hapo ndipo Novemba 2024 inapoingia. City walikuwa wamepoteza mechi nne mfululizo: Tottenham, Bournemouth, Sporting ya Lisbon iliyowapiga 4-1, kisha Brighton. Tarehe 21 uongozi ukatangaza kwamba Pep ameongezewa mkataba wa miaka miwili. Siku mbili baadaye Tottenham wakaja uwanja wa Etihad wakawapiga nne bila. Lawama zilimiminika kutoka kila kona, ila hakuna aliyemfungia mizigo. Pep mwenyewe, Anfield tarehe 1 Desemba, alipoimbiwa na mashabiki wa Liverpool kwamba asubuhi atatimuliwa, aliwanyooshea vidole sita, kimoja kwa kila ubingwa. Kumbe hata Pep akibanwa anajibu kama shemeji wa Temeke.

Novemba hiyohiyo, Dar es Salaam, Yanga walifungwa 1-0 na Azam, kisha 3-1 na Tabora United. Kabla ya hapo walikuwa hawajapoteza mchezo wa ligi msimu huo. Kocha wao, Miguel Gamondi, alikuwa na ubingwa wa msimu uliotangulia, na alikuwa ameifunga Simba 5-1 tarehe 5 Novemba 2023, kipigo ambacho kilimwondoa kocha wa Simba, Robertinho, ndani ya siku chache. Mwaka mmoja tu baadaye, zamu ya kutimuliwa ikawa ya Gamondi. Simba nao wasicheke: kocha Patrick Aussems aliwapa ubingwa wa 2018/19 na robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika, na kabla 2019 haijaisha alikuwa ameshaondolewa.

Ndiyo maana swali la makombe lina nguvu nyumbani. Kijiweni, anayemhoji kocha anaonekana kama anayemwandikia barua ya kuachishwa kazi, na mara nyingi barua hiyo inafika kweli. Basi anayempenda kocha analazimika kuzuia kila neno, hata la haki. Hakuna nafasi ya kusema, "Mwalimu ni mzuri, ila jana alikosea kikosi."

Mfano mzuri ni wa Emmanuel Amunike, aliyekuwa kocha wa timu ya taifa, Taifa Stars. Mwaka 2018, kabla ya kwenda kucheza na Uganda, aliwaondoa Taifa Stars wachezaji sita wa Simba kwa kuchelewa kambini, wakiwemo John Bocco na Erasto Nyoni. Nchi iligawanyika. Kampala ikaisha 0-0. Machi 2019 Uganda wakaja Dar es Salaam wakala tatu, moja ikiwa penalti ya Nyoni huyohuyo aliyeadhibiwa, na Tanzania ikafuzu AFCON baada ya kuikosa tangu 1980. Lawama zote zikafutika siku hiyo. Kule Misri Stars walipoteza mechi zote tatu, ya Kenya ikiuma zaidi, na Amunike akaondoka Julai. Suala la nidhamu kambini, ambalo ndilo lilistahili mjadala, halikurudiwa tena.

Shemeji ana hoja moja ambayo haijapata jibu: Yanga walitwaa ubingwa wa 2024/25 bila Gamondi. Ni kweli. Ila Januari 2026 aliyekuwa kwenye benchi la Taifa Stars dhidi ya Morocco, katika hatua ya 16 bora ya AFCON ambayo Tanzania haikuwa imewahi kuifikia kabla, alikuwa Gamondi.