Mwili Unalijua Baraza

Mama mdogo huniuliza kwa simu kutoka Kibokoni, Mombasa: “Mwanangu, hayo ya bongo za panya unayoyasomea yatatufaa nini sisi?” Ana haki ya kuuliza. Vijana wa unga, yaani heroini, wamekuwa kwenye vichochoro vya Mji wa Kale tangu nikienda madrasa.

Kwetu arosto, yale mateso ya kukosa unga, ilichukuliwa kama utovu wa adabu. Kijana anatetemeka, anatapika, makamasi yanamtiririka, na wazee wanamwambia ajikaze. Nilipokuja Kanada kusomea ubongo ndipo nikaelewa. Heroini hunyamazisha chembe zinazotoa noradrenalini, nazo baada ya muda huongeza nguvu ili zishindane nayo. Unga ukikosekana, nguvu ile hukosa wa kuizuia. Kujikaza hakufiki huko.

Utafiti ulioninyima usingizi ni wa Shepard Siegel wa Chuo Kikuu cha McMaster, uliochapishwa 1982. Panya waliozoeshwa heroini walipewa dozi kubwa. Waliopewa katika chumba walichokizoea walikufa kama thuluthi moja; waliopewa katika chumba kigeni, karibu thuluthi mbili. Dozi ilikuwa ile ile. Mwili hujifunza mahali, na ukipaona huanza kujihami kabla dawa haijaingia.

Sasa mfikirie kijana wetu anayepelekwa mbali, kwa jamaa Uarabuni au kwenye kituo cha tiba, miezi kadhaa. Anarudi amenawiri, anaswali safu ya mbele, nasi twashukuru. Siku moja anapita kwenye baraza alikozoea kutumia unga, wenziwe ni wale wale, na mwili unaanza kujihami, unaidai kete ya unga kabla yeye hajaamua lolote. Akirudia kipimo chake cha zamani, mwili haukihimili tena, kwa kuwa miezi ile ya kuacha umepoteza uzoefu wake. Tunamzika, kisha tunasema hakuwa na imani.

Kwa hiyo methadoni, dawa ya kunywa inayozuia arosto, naiheshimu sana. Kenya ilianza kuitoa katika hospitali ya Mathari mwishoni mwa 2014, Malindi ikafuata 2015, na watu wa Mji wa Kale huvuka daraja la Nyali kuifuata Kisauni. Wanaoiita unga wa serikali wanakosea: anayeinywa huamka bila arosto, akaenda kazini, akalala kwao. Ila kwa kawaida hunywewa kila siku mbele ya mhudumu, hivyo hata kwenda mbali kuzika ni shida.

Huku nina mashine za kupigia picha ubongo. Kibokoni siwezi kuipiga picha kutoka huku. Nataka kujua ni nini hasa kinachoamsha hamu kwa aliyeacha: sauti, harufu au uso wa rafiki, na hilo hupimwa kwa kutembea naye mtaani kwake. Nimemwambia mama mdogo kwamba naomba utafiti wangu wa uzamivu niufanyie huko. Akauliza nani atakayeugharamia. Barua za kuomba fedha ndizo ninazoziandika sasa.