Umemwuliza Binti Yako?

Mimi si mjuzi wa filamu. Hapa kwetu Kwedizinga, Handeni, hutazama baada ya Isha, nikichoka nikalale. Tamthilia nyingi za siku hizi ni matusi ya wake wenza na ugomvi wa mirathi tu. Lakini "Vuta N'kuvute" ya Amil Shivji (2021), iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi, ilininyima usingizi. Yasmin, msichana wa Unguja ya miaka ya 1950, anaikimbia ndoa aliyolazimishwa. Mapenzi yaliyofuata sikuyapenda. Ila nilimwona binti yangu ameinamisha kichwa. Nilikuwa nimekwisha pokea posa yake bila ya kumwuliza, nami najua fika kwamba dini yetu yataka ridhaa yake. Asubuhi nilimwuliza, akalia. Posa nimeirudisha. Nawe, wako umemwuliza?