Mgeni Aliyechorwa na Wenyeji

Mtu wa Mushasha, mtaa wa Gitega lilipo kanisa kuu la Kristo Mfalme, hahitaji kutoka nje ya mji ili kuyazuru Makumbusho ya Taifa ya Burundi, yaliyoanzishwa mwaka 1955. Humo ataona vikapu, vyungu na ngoma. Lakini akitaka kujua jinsi Warundi wa kale walivyomwona Mzungu, itambidi asome maneno ya Mzungu mwenyewe. Oscar Baumann wa Austria alipoingia nchini Septemba 1892, umati ulimpokea kwa shangwe, ukimdhania kuwa mfalme Mwezi aliyerejea. Ndivyo alivyoandika Baumann katika kitabu chake cha mwaka 1894. Hans Meyer wa Ujerumani alifuata mwaka 1911, naye akaja na kamera. Mwenyeji akawa wa kutazamwa tu.

Huko Japani mambo yalikwenda kinyume. Wamarekani, ambao Edmund Roberts wao alitia saini mkataba na Seyyid Said mwaka 1833, na ambao kitambaa chao cha amerikani kilikuwa fedha katika njia za misafara, walikuwa miongoni mwa mataifa matano yaliyofunguliwa bandari ya Yokohama mwaka 1859. Roberts mwenyewe alifariki Macao mwaka 1836, kabla ya kuifikia Japani.

Mara wachoraji wa Edo, mji uitwao leo Tokyo, wakashika kazi. Mchoraji alichora juu ya karatasi nyepesi. Fundi akaigandisha kwenye ubao wa mcheri na kuuchonga. Mpigaji chapa akapaka wino na kusugua, kila rangi na ubao wake. Picha zikauzwa kwa bei ya watu wa kawaida. Ndani yake Mzungu anapanda farasi, anakula nyama, anainua chupa, na mkewe amevaa gauni pana kama kibanda. Sadahide alikwenda Yokohama akajionea. Wengine, kusema kweli, walinakili sura kutoka magazeti ya Ulaya, wakawatangaza wageni ambao hawakupata kuwaona.

Warundi nao walikuwa mafundi wa kuchonga. Mti wao waliouenzi ni umuvugangoma, yaani mti usemeshao ngoma, na gogo lake walilitoboa, wakaliwamba ngozi ya ng'ombe, wakalipiga mbele ya mfalme.