Kimombo cha Maneno Makubwa

Enzi zetu za sekondari, Kiingereza cha mtu kilipimwa kwa ugumu wa maneno yake. Aliyetoa hoja nzito kwa maneno mepesi alipigiwa makofi ya adabu tu. Aliyeporomosha maneno ambayo hata mwalimu wa zamu ilimbidi ayatafakari, huyo aliinuliwa juujuu mpaka bwenini. Mdahalo ulikuwa kila Ijumaa mchana na mada zilijirudia mwaka hadi mwaka: maisha ya kijijini na ya mjini, kalamu na upanga, elimu na fedha. Kwa kweli watu hawakuja kusikiliza hoja. Walikuja kusikiliza misamiati.

Kila mwanamdahalo alikuwa na kijidaftari chake. Changu kilikuwa nusu ya daftari lililokatwa kwa wembe: kushoto neno, kulia maana yake kwa Kiswahili. Nilikijaza wakati wa prepo, na umeme ukikatika tulisogea kwenye chemli. Maneno yenyewe yalitoka kwenye kamusi moja, Oxford Advanced Learner's, iliyofungiwa kwenye kabati la ofisi ya walimu. Jalada lilikuwa limeachia, likabandikwa gundi, likaachia tena. Ukipewa kwa saa moja, unachuma maneno marefu kadiri unavyoweza, unairudisha, unakwenda kukariri. Tulikremu kwa bidii ambayo hesabu hazikuipata hata robo.

Ajabu ni kwamba Kiingereza chetu kilianzia juu, kikawa kinashuka chini polepole. Tulisoma miaka saba ya shule ya msingi kwa Kiswahili, kisha kidato cha kwanza karibu masomo yote yakageuka kimombo kwa mkupuo. Kwa hiyo "photosynthesis" nililijua kabla sijajua mwiko, chujio na ungo vinaitwaje kwa lugha hiyo. Ningeweza kuchora jicho na kutaja sehemu zake zote, ila nisingeweza kumwambia mgeni kwamba mlango umekwama, ausukume kwa bega. Hayo hayakuwa yetu peke yetu. Mwaka 1984 wataalamu wawili, Criper na Dodd, walichunguza shule za Tanzania na kueleza kwamba Kiingereza cha wanafunzi hakikutosha kubeba masomo waliyokuwa wakifundishwa. Baadaye ulikuja mradi uliofadhiliwa na Uingereza, ukaleta sekondari vitabu vyepesi vya hadithi. Shuleni kwetu vilikaa kwenye maboksi. Wanamdahalo walivifungua, wakaona havina neno la kuchuma, wakavirudisha.

Kamusi ile ya kabatini nayo ilikuwa na historia yake, ingawa hakuna aliyetusimulia. Mwandishi wake mkuu, Albert Sydney Hornby, alikuwa mwalimu Mwingereza aliyekwenda Japani mwaka 1924. Kamusi yake na wenzake ilichapwa kwanza Tokyo mwaka 1942, ndipo Oxford wakaitoa upya mwaka 1948. Hornby aliona darasani kwamba mtu anayejifunza lugha ya kigeni hakwami kwenye maana peke yake. Hukwama zaidi kwenye matumizi. Ndiyo maana katika toleo la tatu la mwaka 1974, lile tulilokuwa nalo, kitenzi kilifuatwa na vialama kama VP6A, na nomino ikafuatwa na herufi C au U. Vialama hivyo vilikuwa vinaonyesha namna ya kuliingiza neno kwenye sentensi. Sisi tulidhani ni mambo ya wapiga chapa, tukaviruka.

Mambo yalianza kubadilika nilipofika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Maktabani Mlimani nikakutana na kamusi ya namna nyingine, Collins COBUILD, iliyotoka mwaka 1987. John Sinclair na wenzake wa Birmingham walikuwa wameingiza kwenye kompyuta mamilioni ya maneno kutoka vitabuni na magazetini, kisha wakaangalia kila neno linatembea na nani. Maelezo yake yaliandikwa kwa sentensi kamili. Ukifungua "commit" unaona papo hapo kwamba kitenzi hicho hupenda kuandamana na maovu: uhalifu, dhambi, mauaji. Mtu wa Kiswahili haoni ajabu. Sisi wenyewe tunapiga pasi, tunapiga simu na tunapiga mswaki, na mgeni aliyekariri "piga" peke yake hatafika mbali.

Tangu hapo kijidaftari kikabadilika sura. Nikaacha safu mbili za neno na maana. Nikawa nanakili kipande cha sentensi kama nilivyokikuta, na pembeni nataja kitabu na ukurasa. Kurasa zilijaa taratibu sana, na maneno mengi yalikuwa ya kawaida tu, ambayo kwenye mdahalo yasingemtikisa mtu. Lakini yalibaki kichwani, na kalamu ikaanza kuyaleta yenyewe bila kuitwa.

Halafu ukaja mtihani wa GRE, kwa sababu nilikuwa nawania nafasi ya kusoma Marekani, na ubabe wa zamani ukarudi. Wakati huo sehemu ya lugha iliuliza kinyume cha neno likiwa limesimama peke yake, bila sentensi. Wachapishaji Barron's walikuwa na orodha ya maneno 3,500, nasi watahiniwa tuliitoa fotokopi, tukakata manila kadi ndogondogo na kutahiniana kwenye daladala. Baada ya mtihani maneno hayo yalitoweka kama yalivyokuja. Agosti 2011 watungaji wa GRE wenyewe waliyaondoa maswali ya aina hiyo na kuweka yanayomtaka mtu alielewe neno ndani ya sentensi.

Kilichonisaidia kuandika tasnifu kilitoka kwingine. Mwaka 2000 Averil Coxhead wa New Zealand alitoa orodha ya familia 570 za maneno (neno pamoja na minyambuliko yake) yanayojirudia katika maandishi ya kitaaluma ya kila fani. Ukiacha maneno ya kawaida kabisa, hizo peke yake hubeba karibu asilimia 10 ya maandishi hayo. Nilipoipitia nilicheka: "analyse", "assume", "evidence", "require". Hakuna hata moja ambalo lingemwinua mtu juujuu Ijumaa mchana. Lakini bila hayo huwezi kuandika aya mbili za utafiti zikasimama.

Leo binti yangu yuko sekondari, na kamusi iko kwenye simu. Akikutana na neno analigusa, linamtamkia, linampa maana na mifano, naye anaendelea kabla mimi sijavaa miwani. Kile tulichokuwa tukikipangia foleni mlangoni pa ofisi ya walimu sasa hakina gharama. Kilichoadimika ni kurasa za kusoma. Hata riwaya zilizowekwa kwenye mtaala, wengi wa rika lake hawazifungui. Wanasoma vijitabu vya uchambuzi vinavyouzwa mitaani, wanakariri wahusika na dhamira, wanaingia kwenye mtihani. Mtafiti Paul Nation alikadiria mwaka 2006 kwamba kusoma riwaya au gazeti la Kiingereza bila kusaidiwa kunahitaji familia za maneno kati ya 8,000 na 9,000. Huwezi kuzikariri zote. Nyingi huingia zenyewe, kwa kukutana nazo mara kwa mara katika hadithi inayomfanya msomaji atake kujua kitakachofuata.

Kwa hiyo mzazi mwenzangu anayeniuliza amnunulie mwanawe kamusi ipi ili Kiingereza kipande, jibu langu ni moja. Kamusi anayo tayari mkononi. Mnunulie hadithi, nyepesi kuliko unavyodhani inafaa, na akiimaliza mnunulie nyingine. Nawe mwalimu, kama shuleni kwako bado kuna maboksi ya vitabu ambavyo havijafunguliwa, vifungue wiki hii.