Mtegaji, Mteguaji na Mwamuzi: Juu ya Haki katika Fumbo la Maneno

Wataalamu wa fasihi simulizi wanapokieleza kitendawili hutaja pande mbili: yupo anayetega na yupo anayetegua. Mmoja huita, "Kitendawili!" Wa pili huitikia, "Tega!" Upande wa tatu hautajwi sana, nao ndio unaoamua kama jawabu lililotolewa ni sahihi au la. Sababu yake si ya kutafutwa mbali. Katika mchezo wenyewe mwamuzi ni yule yule mtegaji. Yeye ndiye aliyelificha jawabu, yeye ndiye anayeyakataa majawabu ya wenziwe, na hadhira ikishindwa, yeye ndiye anayedai mji. Hupewa Kisumu akaukataa, hupewa Nakuru akaukataa, hata apewe mji unaomridhisha. Hapo ndipo husimulia alivyokwenda huko, akakaribishwa, akala akashiba, kisha akalitoa jawabu.

Mahakamani, mtu aliye mdai, shahidi na kadhi kwa wakati mmoja angetiliwa shaka mapema. Kwenye kitendawili halalamiki mtu, kwa sababu jawabu kwa hakika si la mtegaji. Ni la jamii. Anayesema "Nyumba yangu haina mlango" hawezi kugeuka baadaye akadai kwamba alikusudia chungu, maana bibi aliyeketi pembeni anajua tangu utotoni mwake kwamba ni yai. Kumbukumbu ya wengi ndiyo kadhi halisi, na mtegaji ni karani tu wa kadhi huyo.

Tatizo huzuka pale kitendawili kinapokuwa kipya. Fumbo lililotungwa leo asubuhi halina bibi wa kulitolea ushahidi. Nani basi aseme kama limetungwa kwa haki? Swali hili linaonekana dogo, la watu wenye wasaa wa kucheza, lakini ndilo swali la uhakiki wenyewe: msomaji akileta maana ambayo mtunzi hakuikusudia, nayo maneno yanaikubali, ni nani mwenye haki?

Mahali ambapo swali hili limejibiwa kwa utaratibu mrefu ni katika fumbo la maneno la magazeti ya Uingereza. Fumbo la kwanza la miraba lilitolewa na Arthur Wynne katika gazeti la New York World tarehe 21 Desemba 1913, nalo lilikuwa la maana za wazi. Waingereza ndio walioligeuza likawa la hila. Edward Powys Mathers alianza kulitungia gazeti la The Observer mwaka 1926 kwa jina la Torquemada. Alipofariki mwaka 1939 akafuatwa na D. S. Macnutt, aliyejiita Ximenes, na mwaka 1972 akaja Jonathan Crowther kwa jina la Azed. Majina ya wawili wa kwanza ni ya wakuu wa baraza la Kanisa la Hispania lililowahoji na kuwatesa watu kwa ajili ya imani, na la tatu ni jina la mwenzao, Deza, lililosomwa kutoka nyuma. Watunzi walikiri tangu mwanzo, kwa mzaha, kwamba kazi yao ni ya kutesa.

Hata hivyo watesaji hao waliwapa wasomaji wao nafasi ya kutesa pia. Ximenes na Azed waliendesha mashindano ambayo neno moja huachwa bila hila yake, msomaji akatakiwa alitungie kidokezo. Vidokezo vilivyotumwa vilisomwa na mtunzi mkuu, akapanga washindi, na kubwa zaidi, akaandika maelezo ya hukumu yake. Sheria aliyoifuata Azed, akiyafupisha mafundisho ya mtangulizi wake, ina vipengele vitatu: kidokezo kiwe na maana sahihi ya neno linalotafutwa; kiwe na hila ya haki inayolijenga neno hilo kwa njia ya pili; na kisiwe na kitu kingine chochote. Mtunzi ameruhusiwa kumpoteza msomaji kwa picha inayoonekana juu ya maneno. Hakuruhusiwa kusema uongo chini yake.

Je, sheria hiyo inaweza kuhamia katika Kiswahili? Hapa nadharia haitoshi. Sharti vidokezo vitungwe na vihukumiwe. Basi na ichukuliwe baraza ya wanafunzi wa uzamili mjini Eldoret, jioni moja baada ya semina, kila mmoja akiwa na karatasi yake na mmoja wao amekubaliwa kuwa mwamuzi. Zawadi ni chai na mandazi.

Wa kwanza asome: "Lima kinyume upate utajiri. Herufi nne." Katika Uasin Gishu, nchi ya mahindi na ngano, sentensi hii ina uchungu wake. Mkulima aliyeuza magunia yake kwa bei ya hasara huku mchuuzi akitajirika ataona humo methali mpya. Lakini jawabu halina habari na bei ya mahindi. Neno "lima" likigeuzwa kinyume huwa "mali", na mali ni utajiri. Mzungu angepinga, aseme kwamba "lima" likisomwa kutoka mwisho huleta "amil". Pingamizi hilo halina nguvu kwa Mswahili, maana Kiswahili hugeuzwa kwa silabi wala si kwa herufi. Edward Steere, katika kitabu chake cha mwaka 1870, alikwisha kuieleza lugha ya siri iitwayo kinyume, ambayo silabi ya mwisho hutangulizwa mbele. Watoto wa pwani walikuwa na hila hii kabla ya gazeti lolote kuwa na miraba. Kidokezo kinapita.

Wa pili asome: "Ndani ya soka mbaya mna kitu cha kufungia. Herufi tano." Msikilizaji huliona lango na washambuliaji wasioweza kulifikia. Mwamuzi huona "so-KAMBA-ya", na kamba ni kitu cha kufungia. Uzuri wote umo katika kitenzi "kufunga", kinachofunga mabao na kufunga mizigo bila kubadilika sauti. Mtunzi akishawishika kuanza na "Hata ndani ya soka mbaya" ili sentensi inoge, atapunguziwa alama, kwa kuwa hilo "hata" halina kazi.

Wa tatu asome: "Bara za wazee wanapokutana. Herufi sita." Jawabu ni "baraza", yaani "bara" na "za", kisha maana ifuatie: wazee wanapokutana. Hesabu imetimia, hakuna neno la ziada, na bado kidokezo kinaanguka. "Bara" ni neno la ngeli ya LI-YA. Husemwa bara la fulani, mabara ya fulani, wala haisemwi bara za fulani. Picha ya juu imevunjika kabla haijampoteza mtu. Mtunzi wa Kiingereza hana adui huyu. Huweka maneno bega kwa bega, nayo hayadaiani chochote. Katika Kiswahili kila nomino huwapigia mhuri jirani zake, na mhuri huo hauwezi kughushiwa.

Upatanisho wa kisarufi, basi, ndio moyo wa jambo hili. Anayeuliza juu ya kitu kisichotajwa hulazimika kuchagua kiambishi, na kiambishi huitoboa siri. Akisema "kinachomwongoza nahodha" amekwisha kumwambia msikilizaji kwamba jawabu ni la ngeli ya KI-VI. Akisema "inayomwongoza" ametaja ngeli nyingine. Vitendawili vya jadi vililijua tatizo hili na kulitatua kwa njia mbili. Ya kwanza ni barakoa: katika "Nyumba yangu haina mlango" upatanisho wote ni wa nyumba, na yai limejificha nyuma yake bila kugusa sarufi. Katika kitendawili cha kivuli husemwa kwamba "ananifuata", na kile kiambishi cha mtu kimekivika kivuli mwili wa binadamu. Njia ya pili ni kiambishi cha "hu-", kisichojali ngeli wala idadi. Kile ambacho vitabu vya sarufi hukieleza kuwa alama ya mazoea, mtegaji hukitumia kama pazia.

Ndiyo maana mwamuzi atakuwa na kazi ngumu mtu wa nne atakaposema: "Radi ikipiga kinyume humwongoza nahodha. Herufi nne." Radi kinyume ni dira. Lakini "humwongoza nahodha" ni kiarifu, si jina, na sheria ya Ximenes yataka maana ilingane na neno: jina kwa jina, kitenzi kwa kitenzi. Mwamuzi aliyeishika sheria ya London atakikataa. Mwamuzi aliyelelewa na vitendawili atajibu kwamba kwetu sentensi nzima hutaja kitu, na "hu-" ndicho chombo halali cha kukitaja bila kukisaliti. Wa pili ndiye mwenye haki. Kinachopaswa kuhamishwa kutoka ugenini ni dhamiri ya sheria, yaani kutodanganya chini ya maneno. Vifungu vyake havina budi kuandikwa upya kwa sarufi ya nyumbani.

Hadi hapo mashindano yamekuwa ya kirafiki. Urafiki hujaribiwa kidokezo cha tano kinapofika: "Nje hula majani, jikoni hula nazi. Herufi tano." Aliyekulia Mvita au Lamu hutabasamu mara moja: ni mbuzi, mnyama wa malishoni na kile kibao chenye chuma cha kukunia nazi. Aliyekulia Kapsabet au Iten hukaa kimya. Mbuzi wa kwanza anamjua kuliko mtunzi. Wa pili hajamwona kamwe, kwa sababu Eldoret imekaa juu ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari na mnazi haumei huko. Mwamuzi atafanya nini? Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya mwaka 1981 iko upande wa mtunzi. Kamusi ndiyo iliyokubaliwa kuwa hakimu, kama Azed alivyolikubali kamusi la Chambers. Kidokezo ni sahihi. Lakini usahihi na haki ni ndugu, si pacha.

Uzito wa suala hili huonekana kidokezo kikielekea upande wa pili. Mwenyeji wa Uasin Gishu akitega juu ya maziwa yaliyogandishwa katika kibuyu kilichosuguliwa kwa mkaa, ambayo mwanariadha huyanywa akirudi na nishani, jirani zake wote watapaza sauti: mursik! Huenda mwamuzi akasema kwamba neno hilo si Kiswahili. Basi mbuzi ya nazi ni ya wote na kibuyu cha mursik ni cha wachache? Wanandi walikuwa na vitendawili vyao, na A. C. Hollis alivichapisha katika kitabu chake cha mwaka 1909. Mwanafunzi huyo hakuletwa kwenye mchezo huu na lugha ya pili, aliukuta kwao. Alichokosa ni jiko la pwani.

Kizazi kizima cha Wakenya kilikutana na mwamuzi wa aina hii. Katika mtihani wa KCPE, uliofanywa kuanzia mwaka 1985 hadi 2023, kitendawili kilikuja kikiwa na majibu manne, moja likiwa sahihi. Walimu, kwa kuwahurumia wanafunzi wao, waliwakaririsha orodha. Mtoto aliyeweza kutega na kutegua akajifunza kukumbuka. Aliyefikiri akapata jawabu jingine lenye mantiki alikosa alama, na hapakuwa na mtu wa kumweleza kwa nini. Bibi wa pembeni aliondoka, nafasi yake ikachukuliwa na kalamu nyekundu isiyosema neno.

Ushairi wa Kiswahili haukuukubali ukimya huo. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyeishi kuanzia mwaka 1776 hadi 1840, alitupiana mashairi na wenzake, na waliotupiwa walijibu. Beti hizo ziliishi vinywani na katika hati kabla William Hichens hajazitoa kitabuni mwaka 1940. Katika kurasa za mashairi za magazeti, tangu Mambo Leo lililoanzishwa mwaka 1923 hadi Taifa Leo, malenga alifumba na malenga wa mji mwingine akafumbua. Ada ilimtaka mjibu afuate bahari ya aliyemtangulia na, akiweza, vina vyake pia. Jawabu kwa hiyo halikuwa neno moja la kuwekewa alama. Lilikuwa shairi lenye hoja, na wasomaji waliona wenyewe kama limesimama.

Mwamuzi wa Eldoret anaweza kujifunza kwa hao wote. Kidokezo cha mbuzi akipe alama zake, kwa kuwa hakina uongo, lakini aseme waziwazi kwamba kimewafungia mlango nusu ya wasikilizaji, na kwamba kingine kilichowafungulia wote ni bora kuliko hicho. Kidokezo cha mursik akipokee, aandike pembeni kwamba neno limeingia barazani kwa kutumika, kama jina la mji wenyewe lilivyoingia. Posta ilifunguliwa mwaka 1910 kwenye shamba lililoitwa 64 kwa namba yake, na midomo ya wenyeji ikaigeuza namba ya Kiingereza ikawa Sisibo. Mwaka 1912 likaja jina rasmi, Eldoret, kutokana na neno la Kimaasai linaloutaja mto wenye mawe, ambao ni Sosiani. Kamusi haikuulizwa.

Kipimo cha mwisho cha kidokezo hakipatikani wakati wa kutegua bali baada ya jawabu kutajwa. Aliyeshindwa akirudi kwenye maneno, akayapitia moja moja na kusema, "Kumbe lilikuwa hapa hapa," mtunzi amefumba kwa haki na mwamuzi hana la kuongeza. Akisema, "Ningejuaje?" hukumu haijesha, na mwamuzi anadaiwa maelezo. Mhakiki wa fasihi naye anadaiwa yayo hayo kila anapomwambia mwanafunzi kwamba amelisoma shairi vibaya: aonyeshe ni neno lipi, katika mshororo upi, lililoikataa maana ya mwanafunzi yule. Asipoweza kulionyesha, na ampe mji.