Injini ya Babu, Chumbani Selly Oak

Wanachama wenzangu mmezoea kunitania kwamba mtu mzima nacheza na vitreni. Leo najitetea.

Babu yangu mzaa mama alikuwa dereva wa gari la moshi kati ya Mombasa na Voi. Kila likizo hadithi zake zilifika mahali pale pale: kichwa cha treni cha daraja la 87 kinapanda Mazeras na mzigo, naye babu anakiiga kwa koo, mngurumo mzito wa kukokota, mpaka sisi wajukuu tunagaragara kwa kicheko. Mimi mwenyewe sikuwahi kukisikia. Nilizaliwa nimechelewa, na mwaka 2017 hata treni ya abiria ya reli ile ya zamani ikasimama, SGR ikachukua nafasi yake.

Hapa Birmingham treni za umeme za Cross-City hupita karibu na chumba changu zikivuma tu kama feni. Jumamosi moja, kwenye meza ya mitumba, niliona kichwa cha treni cha mfano kilichopunguzwa mara 148, urefu wake sentimita 13 hivi: Class 37 ya Uingereza. Nilipokwisha kukinunua ndipo nikagundua nimeokota nini. Vichwa vya Class 37 vilianza kazi 1960, vikiwa na injini ya English Electric ya silinda 12 iitwayo 12CSVT. Mwaka huo huo reli ya Afrika Mashariki ilianza kupokea vichwa vya daraja la 90, ndivyo vilivyokuja kuitwa 87. Karakana ni Vulcan Foundry ya Newton-le-Willows, na injini ni hiyo hiyo 12CSVT.

Basi nikataka kukitia sauti. Kinachohitajika ni kile tunachokiita dikoda sisi Wakenya. Watanzania wa chama hiki watasema king'amuzi au kisimbuzi, kama cha televisheni, na nakiri neno lao ni tamu zaidi. Ni kibao chembamba kinachokaa kati ya reli na mota: kinapokea amri zinazopita kwenye reli, kinaipa mota umeme wake, na kinapiga sauti iliyorekodiwa kutoka injini halisi. Ukiongeza mwendo, mngurumo nao unapanda.

Kichwa changu ni cha zamani, hakina soketi. Chesi yake ni vipande viwili vya chuma, kila kimoja kikichukua umeme wa reli moja na kuufikisha moja kwa moja kwenye mota. Dikoda haivumilii hilo. Lazima mota itengwe kabisa na reli. Jioni tatu nilikwangua chuma kwa tupa ili nipate nafasi, nikalehemu waya: nyekundu na nyeusi za reli, ya chungwa na ya kijivu za mota. Nikakiweka kwenye reli. Kikatoa moshi. (Sasa lilikuwa gari la moshi kweli.) Kibati kimoja cha mota kilikuwa bado kinagusa chesi, nami kwa haraka zangu sikupima kwa mita. Pauni 100 hivi, jasho la wikendi mbili za kuosha vyombo mgahawani, ziliungua kwa sekunde moja. Sikumwambia mtu.

Dikoda ya pili niliinunua baada ya miezi minne. Safari hii nilipima mara mbili kila nilipogusa. Ikabaki spika, ndogo kuliko ukucha wa kidole gumba. Isipofungiwa ndani ya kiboksi kisichovuja hewa hulia kama mbu chupani, kwa sababu sauti ya mbele na ya nyuma zinauana. Nilipoiziba vizuri, ilitoa sauti yenye kifua.

Nikampigia babu.

“Shikamoo, babu. Hebu sikiliza.”

Nikasogeza simu kwenye reli, nikawasha injini, nikapiga honi. Kimya. Nikadhani mtandao umekatika.

“Honi si yake,” akasema hatimaye.

“Ndiyo babu, hiyo ni ya huku Uingereza.”

“Lakini injini ni yenyewe. Umemfungia mabehewa mangapi?”

“Hana hata moja.”

“Ndiyo maana. Huyo anatembea tu, hajafanya kazi. Mpe mzigo.”

Nimerudi kwenye maelezo ya dikoda, na kumbe ipo namna ya kuiamuru ingurume kama inayovuta mzigo mzito. Nimeijaribu, inakokota haswa. Lakini babu ataulizia mabehewa, namjua. Mwenye kujua yanakouzwa ya mitumba, ya reli ya milimita 9, anione baada ya mkutano.