Kutoka Keekee hadi Drili ya Betri

Miaka ya 1970, wajenzi wa majahazi wa Pangani walitoboa mbao kwa keekee. Chuma chenye ncha kilichomekwa kwenye msukano wa mti. Juu yake palikuwa na jivu la kushikia, na uta ambao kamba yake iliuzunguka msukano. Mjomba wangu alikandamiza jivu kwa mkono wa kushoto, akasukuma na kuvuta uta kwa mkono wa kulia, unga wa mbao ukimwagika juu ya vidole vya miguu yake. Kila msumari wa jahazi ulitobolewa njia kwanza, kwani ukigongomewa kwenye mbao ngumu bila njia, ubao hupasuka, na ubao uliopasuka hauendi baharini. Alipoanza kunifundisha, neno lake lilikuwa moja: "Usiisukume, mjomba. Iache ile yenyewe."

Wakati huo huko Marekani drili ya betri ilikwisha zaliwa. Black & Decker waliitoa yao mwaka 1961, na mwaka 1971 wanaanga wa Apollo 15 walitoboa ardhi ya mwezi kwa drili inayotumia betri. Nilipokuja kulisoma jambo hili ukubwani lilinigusa sana. Mwezini hapakuwa na pa kuchomeka waya, na pwani kwetu, pale mchangani yalipokuwa mataruma ya jahazi, hapakuwapo vilevile. Haja ilikuwa ileile. Chombo ndicho kilichochelewa kutufikia.

Kilichotangulia kufika kilikuwa na waya. Binamu yangu aliyekuwa akifanya kazi Maskati alileta drili ya umeme, nzito, ya chuma mwilini, na kwa muda mrefu hiyo ndiyo iliyotundika mapazia na rafu za ukoo mzima. Nilipojenga Dar es Salaam nikairithi. Ilikuwa na nguvu za kweli, lakini ilimfunga mtu kwenye soketi: ukitaka kufunga komeo la geti lazima uvute waya kutoka sebuleni, upite dirishani, na mtoto asimame kuulinda usikanyagwe. Kisha ukaja mgao wa mwaka 2006, ukame uliposhusha maji ya mabwawa na umeme ukagawanywa kwa zamu. Mchana wa kazi ulikuwa mchana wa giza kwenye soketi. Drili ilining'inia ukutani, nasi tukarudi kwenye bisibisi ya mkono.

Ndipo nikanunua ya kwanza ya betri, ya volti 12. Ilikuwa ya nikeli na kadmiamu, seli kumi zenye volti 1.2 kila moja. Niliipenda kwa kuwa iliniwezesha kupanda ngazi mikono ikiwa huru, ila tabia yake ilichosha. Nguvu ilipungua kidogokidogo, skrubu ya mwisho ikaingia nusu na kukwama. Ukiichaji Jumatatu ukaiweka, ukiishika mwisho wa mwezi unakuta sehemu ya chaji imevuja yenyewe.

Mageuzi makubwa yaliletwa na lithiamu. Sony waliiuza betri ya aina hiyo mwaka 1991 kwa vifaa vidogo vya umeme, na mwaka 2005 Milwaukee wakaiingiza kwenye zana za mafundi. Wanasayansi watatu walioijenga misingi yake, Goodenough, Whittingham na Yoshino, walipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2019, na kwa maoni yangu ni tuzo iliyokwenda mahali pake. Betri hii hukaa na chaji miezi mingi kabatini. Nguvu yake ni ileile karibu hadi mwisho, kisha inazima mara moja ili isijiharibu. Kwa mtu anayefanya kazi za nyumbani Jumapili moja moja, hapo ndipo tofauti ilipo.

Urahisi huo wa lithiamu umezaa udanganyifu madukani, na hili linaniudhi. Seli moja ya lithiamu ina volti 3.6 katika kazi ya kawaida. Tano zikifuatana unapata 18. Zikiwa zimejaa kabisa kila moja hufika karibu 4.2, jumla ikizidi kidogo 20, na ndiyo maana kampuni nyingine huandika 20 kwa kitu kilekile. Hapo hakuna ubishi. Lakini nimeona drili zimebandikwa 48, hata 88, kwa bei ya kuku wawili. Fundi ninayemwamini alifungua betri ya mojawapo mbele yangu: seli tano tu. Namba ile ilikuwa rangi kwenye plastiki. Siku hizi, kabla sijasoma maandishi, naipima betri kiganjani. Seli ya kawaida ina uzito wa gramu 45 hivi, kwa hiyo betri yenye seli kumi, inayodai saa-ampea 4 au 5, haiwezi kuwa nyepesi kama simu.

Mota nayo imebadilika. Zile za zamani zina kaboni zinazosuguana na kulika, ukiona cheche nyingi na kunusa harufu ya kuungua ujue zimekwisha. Mpya nyingi hazina kaboni. Zinatunza chaji vizuri zaidi, na kama mfuko unaruhusu, ongeza fedha hapo.

Watu huniuliza wanunue mashine ipi kwanza. Kwa nyumba ya matofali ya saruji, drili moja ya volti 18 yenye nyundo ndani inatosha kwa mapazia, rafu na vitasa. Lakini nyundo yake ndogo haiwezi zege la nguzo na linta. Utaichosha bure, na biti itageuka nyekundu. Hapo azima au kodi ile kubwa inayotumia biti za SDS. Kama una mabati ya kufunga kwa skrubu, mashine fupi inayopiga huku ikizungusha itakuokoa kifundo cha mkono. Kabla ya kutoboa popote tazama swichi na soketi: nyaya za ukutani mara nyingi hupanda au kushuka wima kutoka hapo, kwa hiyo kaa mbali na mstari huo. Na vaa miwani. Vumbi la tofali halina huruma na jicho.

Ile pete yenye namba nyuma ya kichwa cha drili wengi hawaigusi kabisa. Ndiyo inayoachia skrubu isizame kupita kiasi. Anza na namba ndogo, ongeza taratibu. Na ukitoboa mninga, fanya alivyofundisha mjomba. Mashine ikiwa na kasi ya juu nawe ukaielemea, mbao inaungua, moshi unatoka, biti inapoteza makali. Iache ile yenyewe, itoe biti mara kwa mara imwage unga, uingie tena. Mikono iliyojua keekee huijua drili ya betri haraka, nimeliona hilo kwa mafundi wazee wa Pangani.

Joto letu la pwani ndilo adui wa betri hizi. Usiiache ndani ya gari lililoegeshwa juani wala juu ya bati saa saba mchana. Ikitoka kazini ina moto, isubiri ipoe ndipo uichomeke. Ukienda safari ndefu, iweke kivulini ikiwa na chaji nusu.

Jambo la mwisho ni hili: unaponunua drili, kwa kweli unanunua betri, kwa sababu msumeno na grenda utakazoongeza baadaye zitakula betri hiyohiyo, nayo ndiyo itakayokufa kwanza. Muulize muuzaji betri ya akiba ya aina hiyo inapatikana wapi na ni shilingi ngapi. Akishindwa kukujibu, mrudishie boksi lake uende duka la pili.